Vipande Vitatu Juani

Muuzaji wa Dar alinitumia vipande vitatu kwa basi,
kila kimoja ukubwa wa sahani ya pilau,
vimefungwa kwa gazeti la michezo la juma lililopita.
Nikavipanga kwenye ukuta wa baraza, hapa Shangani,
saa nne asubuhi, nikaliachia jua kazi.

Cha kwanza kiliigiza mtiki: kahawia, mistari myeusi,
mbao ya mti usiowahi kuota popote.
Kigumu. Nilikikwaruza kwa ndoana, nikakiangushia nanga,
nikakipaka mafuta ya ganda la korosho,
yale yaliyobabua vidole vya shangazi zangu wote kule Newala.
Sabuni kidogo, kikanitazama kama hakijaguswa.

Cha pili sponji nene, kijivu cha wingu.
Ukikikanyaga kinakupokea
kama mwenyeji aliyekungoja tangu jana.
Lakini mguu wa kiti uliacha shimo, halikujaa hadi jioni,
na wino wa pweza ulizama humo ukagoma kutoka.

Cha tatu nyasi bandia. Fundi Nantipi alicheka:
"Hii katandike uwanjani, uite timu mbili."
Mchanga humo, chumvi humo, magamba ya tasi humo,
utafagia mpaka kiama.

Boti yenyewe si ya kuvulia. Faiba, mita saba,
niliinunua kwa mhandisi wa gesi
aliyehamishwa kabla hajaipa jina.
Ni ya Jumapili tu: kwenda Msimbati, kuogelea, kula,
kurudi na chumvi masikioni.

Na ni ya mama.
Tangu sukari impande, miguu yake haisemi naye tena.
Ramadhani iliyopita alikanyaga kaa la moto
akaendelea kukuna nazi.
Harufu ndiyo iliyomwambia.

Kwa hiyo natafuta sakafu
ya miguu isiyojua kulalamika.

Saa saba mchana nilivua viatu.
Mtiki wa uongo ulinirusha hadi kwenye ngazi.
Sponji ilivumilika.
Nyasi sikuzigusa, zilikuwa zinanuka tairi.
"Sponji, mama," nikasema. "Italika miaka mitatu, tutabadilisha."
"Miaka mitatu," akarudia, kama anayesoma bei.
"Rahisi huvunja upishi."

Akatoka ndani, akapandisha mkono wa dera,
akachuchumaa taratibu, goti moja kwanza,
akaweka kiwiko juu ya kila kipande
kama alivyopima maji ya kuniogeshea
mwaka ambao siukumbuki.

Kwenye ule mtiki hakumaliza hata pumzi moja.
"Hiki kinaunguza mtoto," akasema.
Akakigeuza, akakigonga kwa kucha.
"Lakini kimeshiba. Hakipatikani cheupe?"

Juma zima nimekwaruza, nimepaka, nimeloweka.
Rangi sikuiuliza.

Nikapiga simu. Ipo, akasema muuzaji, rangi ya mchanga,
ugumu uleule, ila haiagizwi,
watu wanasema haifanani na mbao.
Mama alisikia, simu ilikuwa kwenye spika.
"Nani kamwambia tunataka mbao?"

Kilifika Alhamisi. Saa saba kamili
kiwiko kilikaa juu yake mpaka yeye mwenyewe
akaanza kuniuliza habari za majirani.
Nantipi alibandika siku mbili,
gundi mpaka kwenye ndevu.
Sponji nayo haikutupwa: tuliikata
kwa kipimo cha makalio ya Bi Asumini Chitanda,
pale nyuma, mbali na injini.

Jumapili ya kwanza, tumeshapita mkondo,
aliinamia miguu yake, imetulia pale
kama viatu vya mtu mwingine.
"Pakoje hapo?" akauliza.

Nikavua ndala, nikasimama kando yake.
"Vuguvugu, mama," nikamwambia.
"Panakwaruza kidogo. Kama ulimi wa paka."
Akacheka, akavuta vidole visivyosikia
karibu na vyangu.